Darasa la Pili, watoto 84, kipindi cha dakika 30: shughuli ipi uichukue, ipi uiache

Kila Januari kuna mwalimu anayeitwa ofisini na kuambiwa kwa upole, "Mwaka huu utatusaidia Darasa la Pili." Akitoka, wenzake wanampa pole kana kwamba kafiwa. Kama mwaka huu ni zamu yako, karibu. Mimi nimelishika darasa hili mara tano, miaka miwili Tarime na mitatu huku Muheza, na haya ni yale ambayo ningeshukuru kuambiwa mapema, kabla sijamaliza maboksi ya chaki kwa kazi isiyozaa.

Hatukosi shughuli. Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa mwaka 2015 semina zimetujaza mbinu: nyimbo, kadi, vikundi, igizo, kona ya kusomea, darasa linaloongea. Kazi ni kuchagua. Wengine huchagua shughuli inayowafurahisha watoto, wengine ile itakayompendeza mdhibiti ubora akitokea mlangoni bila taarifa. Mimi nahesabu zamu. Ndani ya dakika 30 kila mtoto atapata zamu ngapi za kulifanya jambo lenyewe, kwa mdomo wake au mkono wake, na mimi nitajuaje kama kalifanya?

Kipimo hicho kinatokana na wingi wao. Uwiano tunaoambiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, lakini tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 wengi wetu namba hiyo tunaiona kwenye makaratasi tu. Darasa langu la mwisho lilikuwa na watoto 84, madawati 28, watatu watatu. Ukimpa kila mtoto dakika moja asome peke yake umekula dakika 84, karibu vipindi vitatu, na huku 83 wanamsubiri mmoja. Na upimaji wa KKK ukifika, mtoto hasomi na kundi. Anasoma peke yake mbele ya mwalimu.

Kuimba silabi, au kadi za silabi

Kuimba kila mtu anakujua: ba be bi bo bu, mwalimu na kijiti chake ubaoni, darasa linaitika mpaka bati linatetema. Hakuhitaji maandalizi wala shilingi. Midomo yote 84 iko wazi. Kwa kuanzisha sauti mpya, hasa zile zinazoambatana kama mbw, ngw na shw, sijaona kinachokushinda.

Ubaya wake niliugundua siku niliyokosea. Nilikuwa nazungumza na mzazi dirishani huku kijiti kikiendelea, kikarukia "nda" kabla ya wakati wake. Darasa zima likaitika "mba", kwa sauti nzuri kabisa, kwa sababu ndivyo wimbo ulivyokuwa ukienda. Walikuwa wanausoma wimbo, ubao hawakuwa na habari nao. Kutoka siku hiyo kijiti changu hakifuati mstari: kinaruka juu, kinashuka pembeni, kinarudi nyuma. Sauti zikipungua ghafla, najua ni wangapi waliokuwa wakifuata mkia.

Kuna kingine kuimba kunachokificha. Tarime watoto wangu wengi nyumbani walizungumza Kikurya, lugha isiyo na sauti ya "l" kama yetu. Ukiwa unaimba "la le li lo lu" na watoto zaidi ya 70, huwezi kusikia kwamba nusu yao wanaimba "ra re ri ro ru". Huku Muheza shida hiyo sina. Mtoto wa pwani hata "dhahabu" na "ghali" anazitoa bila kufundishwa, na naomba walimu wa Tanga wasijisifu kwa hilo, si kazi yao.

Kadi ni kinyume karibu kwa kila jambo. Mimi hugeuza madawati mawili yatazamane, wanakuwa sita, navyo vikundi ni 14. Kila kikundi kadi 20, kwa hiyo ni kadi 280 za kukata kwenye maboksi na kuandika kwa maka peni. Jioni mbili zinakwisha na vidole vinabaki vyeusi. Tumia boksi gumu la kartoni. Manila inapendeza, lakini mikononi mwa watoto wa miaka minane haimalizi wiki mbili.

Wape ka, la, mu, ma, ta na uwaache. Watakuja na kata, taka, kalamu, kamata. Siku moja kikundi cha nyuma kilinitolea makala, nikabaki nimeduwaa, na kumbe hawakujua maana yake, waliipanga tu ikasomeka. Hicho ndicho ninachokitafuta: mtoto anasoma neno ambalo hajawahi kulikariri.

Shida ya kadi ni mtoto mmoja hodari anayefanya kazi ya wote sita. Anapanga, anasoma, anasahihisha, wengine wanamtazama kama sinema. Dawa yangu ni sheria moja: kila kadi ina mwenyewe, na kadi ya mwenzako huigusi. Anayeshika "la" lazima yeye aiweke mahali pake. Hodari atapiga kelele "weka hapa, weka hapa!" lakini mkono utakaoweka ni wa mwenzake. Kelele hazikwepeki. Mwarifu mwalimu wa chumba cha jirani mapema, kabla hajaja kugonga.

Ukiniuliza nichague moja, nachagua kadi kuanzia wiki ya tatu ya Januari mpaka mwisho, na kuimba kunabaki dakika tano za kufungulia kipindi. Kama darasa lako limepita 100 na watoto wako chini kwenye sakafu, usijiumize na vikundi. Baki na wimbo, lakini kijiti mpe mtoto, abadilishwe kila baada ya silabi tano. Anayeshika kijiti ndiye anayefikiri.

Kuhesabu: vizibo, vijiti, mdako, au duka

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopoteza muda mwingi zaidi.

Vizibo vya soda ndiyo zana ya kila shule. Vinapatikana bure, vina rangi, haviozi. Ukitaka kila mtoto awe na 20 unahitaji 1,680, na utavikusanya kwa mwezi ukiwa na urafiki na watu wa mabanda ya vinywaji. Vya bia vitakuja pia. Vichemshe kwa sabuni, la sivyo darasa litanuka baa saa mbili asubuhi. Vyenye ncha kali vigonge kwa jiwe. Kwa kujumlisha na kutoa chini ya 20, vizibo vinatosha kabisa.

Zaidi ya 20 vinageuka mzigo. Mtoto mwenye vizibo 43 mezani haoni makumi manne na mamoja matatu. Anaona rundo. Ataanza kuhesabu kimoja kimoja, atafika 29, kizibo kitaanguka chini ya dawati, atainama, ataanza upya. Kipindi kwisha.

Vijiti vinashinda hapo. Kila mtoto aje na vijiti kumi vya urefu mmoja, kikundi cha sita kinakuwa na 60. Vifungeni kumi kumi kwa mpira au kamba ya mgomba. Sasa andika ubaoni 43 kutoa 17, hesabu inayowakwamisha Darasa la Pili kila mwaka. Bila zana, wengi watakuandikia 34. Wanaona 3 na 7, wanajua kidogo hutolewa kwenye kikubwa, wanafanya 7 kutoa 3, wanapata 4, halafu 4 kutoa 1, wanapata 3. Hawajafanya uzembe, wamefuata sheria waliyojitungia wenyewe, na ukiwaambia "umekosea, rudia" watarudia hivyo hivyo.

Na vijiti inakwenda hivi. Mezani kuna mafungu manne na vijiti vitatu. Mwambie atoe saba. Anashika vitatu, anakutazama. Usiseme kitu. Atatazama mafungu. Atakutazama tena. Mara nyingi ni mwenzake atakayenong'ona, "fungua." Akifungua fungu moja, vitatu vinakuwa 13. Anatoa saba, vinabaki sita. Mafungu yamebaki matatu, anatoa moja, yanabaki mawili. Ishirini na sita. "Kukopa" tunakoimba kila siku amekufanya kwa mikono, tena ameuona mpira uliofunguliwa pale mezani. Kesho yake ukimwandikia ubaoni kikumi kilichokatwa mstari, anajua umekata nini.

Kama una nguvu ya kuandaa zana moja tu ya hesabu kwa mwaka mzima, andaa vijiti. Vizibo mwachie mwalimu wa Darasa la Kwanza.

Mdako nilijifunza kwa watoto wenyewe. Wakati wa mapumziko wasichana walikuwa wamechimba kishimo cha ukubwa wa kiganja chini ya mwembe, kokoto 12 ndani. Anarusha jiwe juu, kabla halijashuka anazichota kokoto zote nje, analidaka. Anarusha tena, anazirudisha zote, lakini anaacha moja nje. Hivyo hivyo mpaka zimetoka zote moja moja. Kisha anaanza kuacha mbili mbili, kisha tatu tatu. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia. Kokoto 12 zikitoka mbili mbili ni zamu sita, tatu tatu ni zamu nne, nne nne ni zamu tatu. Zikitoka tano tano, mara mbili, halafu mbili zinabaki shimoni bila mwenzio, na mchezaji anakasirika. Hiyo ni kugawanya na baki, na nilikuwa nimelifundisha jambo hilo wiki nzima ubaoni bila mtu kukasirika.

Tukaupeleka kipindini, wanne wanne, nje kwenye kivuli. Siku ya kwanza wavulana waligoma, mchezo wa kike. Siku ya tatu walikuwa wanagombania kishimo. Zamu ni chache kuliko vijiti, kwa kuwa anacheza mmoja na watatu wanasubiri, ila wanaosubiri hawalali: wanahesabu kwa sauti wakimvizia mwenzao aibe. Kwa kuzidisha na kugawanya nauweka mdako mbele ya vijiti. Kwa kutoa kwa kukopa haukusaidii chochote. Na masika yakianza Machi, uwanja ukiwa tope, umekwisha.

Duka darasani ndilo linalopendwa na wageni. Meza, pakiti tupu za majani ya chai, noti za kadibodi, na huku Muheza machungwa halisi, kwa kuwa msimu ukifika kila mtoto anakuja na moja mfukoni. Watoto wetu wanajua fungu la machungwa, wanajua chenji, wanajua hata muuzaji anayeficha bovu chini. Lakini hesabu zamu: muuzaji mmoja, wanunuzi watano, watazamaji 78. Niliwahi kuandaa duka zuri mno, mwalimu mkuu akaja na simu kupiga picha, na jioni nikikagua madaftari nikakuta wasiojua chenji ni walewale wa jana yake.

Silitupi. Lifanye mara moja kwa muhula, mwanzoni mwa mafumbo ya hesabu, ili sentensi kama "Asha ana shilingi 500 akanunua machungwa ya shilingi 300" iwe na picha kichwani. Baada ya hapo rudini kwenye vijiti.

Hadithi: kuwasimulia, kuwasomea, au wasome watatu watatu

Kusimulia ni starehe. "Paukwa!" "Pakawa!" na darasa limetulia, hata wale wa nyuma. Kunajenga msamiati na masikio. Ila usikuandike kwenye andalio la somo kama kipindi cha kusoma, maana hakuna aliyesoma.

Kuwasomea kitabu kuko katikati. Wanakuona unapitisha kidole, unasimama kwenye nukta, unapandisha sauti kwenye alama ya kuuliza. Kitabu ni kimoja, na kwa mtoto wa safu ya nane picha ni doa tu. Mimi husomea dakika sita au saba, nasimama pale hadithi inaponoga, nauliza, "Mnadhani sungura atafanya nini?" Nikishapata majibu manne matano, nafunga kitabu. Watanilaumu, lakini sasa wana sababu ya kusoma wenyewe.

Ndipo vinapogawiwa vitabu, kimoja kwa kila dawati. Semina nyingi husema wasome wawili wawili, na aliyeandika hivyo nadhani alikuwa na madawati ya wawili. Yetu ni ya watatu, na wa tatu akiachwa bila kazi ataanza kuchonga penseli. Kwa hiyo: wa kushoto anasoma, wa katikati anapitisha kidole, wa kulia anavizia kosa. Ukurasa ukigeuka, kazi zinahama. Sauti 28 zinasoma kwa wakati mmoja. Kwa dakika 12 kila mtoto amesoma kwa mdomo wake kama dakika nne. Linganisha na ile ya kumsimamisha mmoja mmoja mbele huku wengine wakiangalia mjusi darini.

Jambo moja la kuangalia: usiwapange watoto watatu wasiojua kabisa kwenye dawati moja. Watasoma picha. Kila dawati liwe na mmoja anayejikongoja vizuri kidogo, na usimtangaze kuwa yeye ndiye mwalimu, maana atawachapa.

Kuandika: kunakili, imla, au sentensi yake mwenyewe

Kunakili kutoka ubaoni kunalifanya darasa liwe kimya, na ndiyo sababu tunakupenda. Kunasaidia mwandiko, kukaa kwenye mstari, kuacha nafasi kati ya maneno. Kusoma hakumo. Niliwahi kuandika ubaoni "Mama anapkia wali" kwa makusudi. Watatu waliniuliza. Wengine waliniletea "anapkia" kwa mwandiko safi sana.

Imla ndiyo inayosema ukweli. Maneno kumi, si zaidi, kila neno mara mbili, bila kulivuta. Tarime imla ndiyo iliyonionyesha kile wimbo ulichokificha: nilisema kalamu, nikapata karamu madaftari kwa madaftari. Nilicheka, kisha nikakaa chini kupanga upya wiki mbili za kusikiliza "l" na "r". Kusahihisha hakuna haja ya kubeba madaftari 84 nyumbani. Yaandike maneno ubaoni, wabadilishane na jirani, waweke vema au kosa herufi kwa herufi. Mtoto wa Darasa la Pili anapenda kumkosoa mwenzake kuliko anavyopenda uji.

Sentensi ya kujitungia iachie muhula wa pili. Nawapa mwanzo tu, "Jana nyumbani...", wanamalizia. Mmoja aliniandikia: "Jana nyumbani bibi alichuma machungwa akasema ni ya mgeni na mgeni hakuja." Kwa sentensi moja kama hiyo nasamehe kelele za wiki. Inakula muda, tahajia inatisha, na wapo watakaoandika neno moja wiki nzima. Nakusanya madaftari 28 kwa siku, moja kila dawati, siku tatu wamekwisha wote.

Yaliyobaki

Igizo lina ugonjwa ule ule wa duka, wachache wanacheza na wengi wanatazama. Matembezi ya kuzunguka shule ni mazuri kwa somo la afya na mazingira, ila andaa swali moja la kwenda nalo, mfano "tafuteni majani ya aina tano", vinginevyo mtarudi na jeraha la goti. Darasa linaloongea, yaani kuta zilizojaa chati, hufa baada ya wiki tatu, macho yanazizoea. Zichore kwenye viroba vya unga, vinadumu, kisha uwe unavihamisha na kuvibadilisha. Nyimbo za kupumzishana zisizidi dakika mbili, na makofi ya kilo yatoshe mara tatu kwa kipindi.

Bado kuna swali la pili la kipimo changu: nitajuaje. Wakati madawati 28 yanasoma, mimi huvuta kiti nyuma ya mlango, naita watoto watano kwa siku, mmoja mmoja, dakika moja kila mmoja, na aya fupi wasiyowahi kuiona. Naandika kwenye daftari langu mambo mawili: alipokwama, na kama alielewa alichosoma. Watano kwa siku, siku 17 za masomo darasa zima limepita. Ukianza Jumatatu, Jumanne ya wiki ya nne unammalizia wa mwisho, na mara nyingi huyo wa mwisho ni yule mtulivu wa safu ya nyuma ambaye mwaka mzima uliopita aliimba "mba" penye "nda".